Muulize Fundi wa Redio: Besi Iliyopotelea Mlangoni

Barua za safari hii zinalalamikia kitu kimoja kwa vinywa tofauti: mfumo wa muziki uliokuja na gari. Nimechagua zile zinazobeba maswali ya wengine. Zilizoniuliza tu "ninunue redio gani?" nimeziweka kando, maana redio yenyewe ndiyo ninayoibadilisha mara chache kuliko vyote, na leo ipo barua moja tu ambayo nimeijibu hivyo.

Nianze na kipi?

*Shikamoo Mama Fundi. Nimenunua gari dogo la milango minne, limeshatumika, na bado lina redio na spika zake za kiwandani. Mwimbaji anasikika kama amefunikwa blanketi. Besi hakuna, na nikiiongeza mlango unatetemeka na maneno yanapotea. Dukani wameniambia nibadilishe vyote: redio, spika nne, ampi ya kukuza sauti, na juu yake niweke sabwufa, ile spika kubwa ya besi. Siwezi kununua vyote kwa mkupuo. Nianze na kipi? — Asiye na Haraka*

Marahaba, mwanangu. Anza na visivyouzwa dukani.

Kaa kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, na urudishe kila kitu kwenye sifuri: besi, sauti ya kati, trebo (sauti nyembamba), ekolaiza (kirekebishi cha sauti nzito na nyembamba) ya redio, ekolaiza ya simu, na ule urembo wa "ukumbi" na "uwanja" ambao sijui nani aliuomba. Watu wengi wanaoniletea magari wamepandisha besi mara tatu bila kujijua: kwenye simu, kwenye programu ya muziki, halafu kwenye redio. Kila unapoongeza desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unaidai ampi nguvu maradufu. Ukiongeza desibeli 10 umeidai mara kumi. Ampi ndogo iliyomo ndani ya redio haina akiba hiyo, kwa hiyo inakata vilele vya mawimbi, na makwaruzo unayoyasikia ni hayo mawimbi yaliyokatwa. Ukitaka kurekebisha, punguza kinachozidi badala ya kuongeza kinachopungua. Sauti ikiwa na kishindo kizito kinachofunika maneno, shusha kidogo eneo la Hz (mitetemo kwa sekunde) 150 hadi 250, na mara nyingi utamsikia mwimbaji akitoka chini ya blanketi lake.

Kama redio yako ina kitufe cha kuongeza besi na trebo kwa pamoja, ujue kiliwekwa kwa ajili ya kusikiliza kwa sauti ya chini. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti inaposhuka, sikio hupoteza usikivu wa besi kuliko wa sauti ya kati. Kitufe hicho kinafidia upungufu huo. Ukikiacha kikiwaka huku umepandisha redio hadi juu, kinakuharibia.

Kisha angalia muziki unatoka wapi. Programu nyingi za simu zina kipimo cha ubora, na zikitumia data huteremka zenyewe hadi kiwango cha chini. Nenda kwenye mipangilio upandishe. Kwenye Bluetooth, sauti ya simu iwe karibu na mwisho, kisha utumie kitufe cha redio kuongeza na kupunguza. Simu ikiwa nusu na redio ikiwa juu kabisa, unakuza kelele za hewa pamoja na muziki. Jaribu wimbo uleule kwa waya wa USB na kwa Bluetooth. Ukisikia tofauti kubwa, umeshapata nusu ya jibu bila kushika bisibisi.

Jaribio linalofuata ndilo ninalolipenda, kwa sababu linachukua muda mfupi na linafichua makosa ya watu waliofungua gari kabla yako. Weka wimbo wenye gitaa la besi, mizani ya kulia na kushoto iwe katikati. Sasa peleka mizani yote kushoto. Sauti kwa jumla itapungua, hilo ni la kawaida. Lakini besi *ikiongezeka* upande mmoja ukiwa umenyamaza, kuna spika iliyofungwa kinyume: chanya imeingia kwenye hasi. Koni moja, ule uso wa spika unaocheza, inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi zinauana katikati ya gari. Rudia jaribio kati ya mbele na nyuma. Ili kujua nani mkosaji, chomoa spika na uiguse kwa betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwa chanya, kwa kitambo tu. Koni inatakiwa itoke nje. Ikiingia ndani, geuza nyaya.

Sasa tufike kwenye ugonjwa wenyewe, ambao kwa maelezo yako naamini unao: mlango.

Spika hutoa sauti pande mbili, mbele na nyuma ya koni, na hizo mbili ni kinyume. Sauti nyembamba husafiri kwa mstari, hazina shida. Sauti nzito huzunguka: ile ya nyuma inapita kando ya spika, inakutana na ya mbele, na zinafutana. Ndiyo maana spika ya nyumbani ina boksi, ili ya nyuma ibaki ndani. Kwenye gari, boksi la spika ni mlango. Na fungua mlango wowote wa gari la kawaida uone lilivyo boksi hilo: bati la nje jembamba linalolia ukiligonga, bati la ndani lenye matundu makubwa ya kupitishia mkono wa fundi wa vioo, na juu ya matundu hayo nailoni iliyobandikwa ili maji yasifike kwenye kava. Besi unayoitafuta inapotelea kwenye matundu hayo. Ukifunga spika ya bei kubwa kwenye mlango wa namna hiyo, utapata mlango uleule.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Chomoa hasi ya betri na usubiri dakika kadhaa, maana magari mengi yana mifuko ya hewa ya ajali ubavuni, na nyaya zake, ambazo kwa kawaida zina kava la njano, haziguswi. Skrubu za kava la mlango zimefichwa nyuma ya kitasa na chini ya mahali pa kuegemeza mkono. Kingo zake zimeshikwa na klipu za plastiki, na baadhi zitavunjika, kwa hiyo tafuta za akiba kabla hujaanza. Tumia kabari ya plastiki, usitumie bisibisi bapa.

Safisha bati la nje kwa ndani kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Hapo unabandika karatasi nzito za mpira wa butili zenye uso wa alumini. Huhitaji kufunika bati zima: robo hadi nusu ya eneo, katikati ya sehemu pana, inatosha kuzima mlio. Kandamiza kwa rola ndogo hadi ile michoro ya alumini ilale, kwa sababu isiyoshikamana haifanyi kazi. Gonga kwa kidole: mlio mrefu wa bati unatakiwa uwe kishindo kifupi kilichokufa.

Bati la ndani ni habari nyingine. Hapo lengo ni kuziba. Matundu madogo yazibe kwa butili yenyewe. Makubwa, kata kipande cha alumini au plastiki ngumu kinachozidi tundu kidogo, kifunge, kisha upitishe butili juu yake. Acha nafasi ya vijiti vya kitasa na nyaya zicheze. Pandisha na ushushe kioo kabla ya kurudisha kava, maana ukibandika mahali mashine ya kioo inapopita utalirudia zoezi zima. Matundu madogo kabisa chini ya mlango usiyaguse. Yanatoa maji ya mvua, na ukiyaziba utaozesha mlango.

Mambo mawili ya hadhari. La kwanza, usikubali mtu akubandikie lami ya paa kwa sababu ni rahisi kupatikana. Gari likikaa juani hulainika, hunuka, na siku moja huteremka yote hadi chini ya mlango. La pili, baadhi ya magari yana kihisi cha shinikizo ndani ya mlango kinachotambua kugongwa ubavuni kwa jinsi hewa inavyosukumwa. Kwenye gari la aina hiyo, kizuizi cha kiwandani kinachofunika matundu ya bati la ndani ni sehemu ya usalama. Kirudishe kilivyokuwa, usiongeze wala usitoboe upande wa ndani. Bakia kwenye bati la nje tu, na kwanza usome kitabu cha matengenezo cha gari lako.

Kabla ya kurudisha kava, weka duara la sponji nene kuzunguka spika, liguse kava likirudi. Bila hilo, sehemu ya sauti huingia kati ya kava na bati, na hapo ndipo mitetemo mingi inapozaliwa. Nyaya zinazogusa plastiki zifunge kwa sponji. Halafu cheza kwenye simu sauti moja inayopanda polepole kutoka Hz 30 hadi 200 na utembeze mkono juu ya kava. Kinachotetemeka kitajitaja chenyewe, na usishangae ikiwa ni bamba la namba.

Milango miwili ya mbele inatosha. Ya nyuma iache. Ukimaliza, sikiliza wiki kadhaa ndipo uamue kama bado unataka spika mpya. Ukitaka, nunua jozi moja tu ya mbele, na kabla ya hapo bonyeza koni za zamani taratibu kwa vidole pande mbili: zikikwaruza ndani, au ukingo wa sponji ukikatika kwa kuoza, hapo hakuna mjadala. Sabwufa ni ya mwisho kabisa kwenye foleni. Spika ya inchi sita na nusu kwenye mlango uliozibwa itakupa ngoma na gitaa la besi kwa heshima. Kutikisa vioo vya jirani ni kazi ya kifaa kingine.

Spika za wati 300, sauti imepungua

*Fundi, habari za kazi. Nilitoa spika za karatasi zilizokuja na gari nikaweka mpya zilizoandikwa wati 300, redio ni ileile. Sauti imekuwa ndogo kuliko mwanzo, ninapandisha hadi mwisho. Je, nimeuziwa feki? — Aliyekata Tamaa*

Huenda si feki hata kidogo. Namba 300 inakwambia spika inaweza kustahimili kiasi gani kwa kitambo kifupi kabla haijaungua. Haikwambii itapiga kwa sauti gani.

Tazama upande wa redio. Hata kama usoni imeandikwa wati 50 mara 4, hesabu haikubali. Gari likiwaka umeme wake ni kama volti 14.4. Ampi ya ndani ya redio haina kifaa cha kupandisha volti hizo, kwa hiyo kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) inaweza kutoa mfululizo wati kama 18 hadi 20 safi kwa kila spika. Zinazobaki kwenye ile 50 ni makwaruzo na matangazo. Kwa hiyo spika yako ya wati 300 inalishwa wati 20.

Viwanda vinalijua hilo, ndiyo maana vinaweka spika za karatasi nyepesi: zinahitaji nguvu kidogo kutoa sauti nyingi. Spika nzito za dukani zimetengenezwa kwa ajili ya ampi kubwa. Namba uliyotakiwa kuitazama kwenye boksi ni ya usikivu, inayoandikwa kwa desibeli kwa wati moja katika umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 92 na ya desibeli 88 zinatofautiana 4 tu kwenye karatasi, lakini ya pili inahitaji nguvu mara mbili na nusu ili iifikie ya kwanza.

Kuna jambo jingine la kupima. Spika nyingine za kiwandani ni za omu 2. Ukiweka ya omu 4 mahali pake, umeipunguzia nguvu karibu nusu. Pima ya zamani kwa mita ya umeme: ya omu 4 husoma kitu kama 3 na zaidi kidogo, ya omu 2 husoma chini ya hapo kwa wazi.

Angalia pia ile ringi ya plastiki iliyotumika kuikaza. Ikiwa kuna mwanya kati ya ringi na bati unaoingiza hata ncha ya kalamu, besi inatokea hapo. Zungushia sponji. Na fanya jaribio la mizani nililomwandikia Asiye na Haraka.

Baada ya hapo una njia mbili. Uza hizo ununue zenye usikivu wa 91 au 92. Au, kama unazipenda, ongeza ampi ndogo ya njia nne yenye wati 50 za kweli kwa kila njia, na uweke kichujio chake kizuie chochote chini ya Hz 80 kwenda mlangoni. Hiyo ya pili ningeichagua mimi ikiwa kuna sabwufa, kwa sababu spika iliyopumzishwa kubeba besi nzito huimba maneno kwa utulivu usiouamini. Bila sabwufa, teremsha kichujio hadi Hz 60.

Mluzi unaopanda na mafuta

*Nikichaji simu huku nimeichomeka kwa waya wa AUX, nasikia mluzi unaopanda kila nikikanyaga mafuta. Nikichomoa chaja unaisha. — Dereva wa Usiku*

Umejijibu nusu, dereva. Simu imepata njia mbili za kufika kwenye hasi ya gari, moja kupitia chaja na moja kupitia waya wa AUX, na tofauti ndogo ya volti kati ya njia hizo inabeba kelele za alteneta, ile mashine inayozalisha umeme wa gari, hadi ndani ya muziki. Kata njia moja: cheza kwa Bluetooth au kwa USB ya redio, au weka kati ya simu na AUX kitenganishi chenye transfoma ndogo ndani. Cha ovyo kitakula besi kidogo, kwa hiyo sikiliza kabla ya kulipa. Mluzi ukiendelea hata simu ikiwa haijaguswa, na taa nazo zikicheza, mpelekee fundi wa umeme akague alteneta. Hilo si la redio tena.

Stesheni zinaishia 90

*Mama Fundi, gari langu limetoka Japani na redio inaishia 90. Nimeongezewa kifaa kwenye antena, stesheni zinakuja lakini zinaingiliana na zina kelele za hewa. Nifanyeje ziwe safi? — Msikilizaji wa Taarifa*

Badilisha redio. Ndiyo, mimi ndiye niliyeandika hivyo.

Masafa ya FM ya Japani huanzia megahetzi 76, na redio nyingi za huko zilizotengenezwa zamani huishia 90. Za baadaye hufika 95. Sehemu kubwa ya dunia inatumia 87.5 hadi 108. Kifaa ulichowekewa huchukua stesheni za juu na kuzishusha kwa kiasi kimoja ili zitoshee kwenye dirisha la redio yako, na zikishashushwa zinakutana na zilizokuwapo pale tangu mwanzo. Hakuna ekolaiza inayotenganisha stesheni mbili zilizokalia kiti kimoja.

Kabla ya kununua, pima tundu la dashibodi. Redio kubwa ya kawaida ina upana wa milimita 180 na kimo cha 100, lakini Toyota nyingi zina tundu la milimita 200. Ya 180 itaingia, ila itakuachia nyufa mbili pembeni zinazohitaji vipande vya kuzibia. Na omba waya wa kuunganishia unaolingana na plagi ya gari lako. Mtu akikata plagi ya kiwandani mbele yako, chukua ufunguo uondoke.

Spika kumi, na muungurumo

*Gari langu lina mfumo wa kifahari wa kiwandani, spika kumi na ampi ndani ya buti. Nilitaka besi zaidi, nikafungiwa sabwufa iliyounganishwa na nyaya za spika za nyuma. Matokeo: kwa sauti ndogo besi ni nyingi, nikipandisha inapungua. Na nikiendesha kuna muungurumo mzito hata muziki ukiwa chini. Fundi aliyefunga anasema sabwufa ni nzima. — Mwenye Spika Kumi*

Sabwufa ni nzima, na fundi wako hakukudanganya. Una matatizo mawili tofauti yaliyofika siku moja.

La kwanza: ampi ya kiwandani ina kompyuta ndani inayolinda spika zake. Kadiri unavyopandisha sauti, inashusha besi ili koni ndogo zisipasuke. Waya wa spika ya nyuma unatoka *baada* ya kompyuta hiyo, kwa hiyo sabwufa yako inatii amri ambazo hazikukusudiwa kwake. Tena katika mifumo hii kila waya hubeba kipande tu cha muziki: huu una trebo, ule una sauti ya kati, na wa nyuma huenda hauna besi ya maana kabisa. Dawa ni kuchukua muziki kabla haujafika kwenye ampi, pale inapowezekana. Lakini magari mengine hupeleka muziki kutoka kwenye redio hadi kwenye ampi kwa njia ya kidijitali, hata kwa nyuzi za kioo, na huwezi kukata waya huo ukauunganisha na kitu. Inahitajika moduli maalumu ya gari hilo. Isipopatikana, tumia prosesa inayokusanya vipande kutoka kwenye nyaya kadhaa, kuvijumlisha na kunyoosha kile kilichopindwa kiwandani. Huo upunguzaji wa besi kadiri sauti inavyopanda ni mgumu kunyoosha. Prosesa hushughulikia vizuri pindo lisilobadilika, si linalohama. Kwa hiyo tafuta waya wa sabwufa ya kiwandani kama ipo, kwa kuwa huo angalau ndio unaobeba besi.

La pili, muungurumo. Magari kadhaa ya kifahari yana maikrofoni kwenye dari zinazosikiliza ngurumo ya injini na kutuma kwenye spika sauti kinyume ili kuifuta. Kompyuta hiyo ilipangwa kwa spika za kiwandani. Ulipoongeza sabwufa yenye nguvu, sauti kinyume inatoka kubwa na imechelewa, maikrofoni zinaisikia, zinadhani ni kelele mpya, zinatuma nyingine. Huo ndio muungurumo wako. Mwambie fundi atafute jinsi ya kuzima mfumo huo: kwenye magari mengine ni kuchomoa maikrofoni, kwengine ni moduli yenye plagi yake. Kitabu cha umeme cha gari ndicho kitakachosema.

Na niseme wazi: katika magari kama lako sibadilishi spika moja moja. Ekolaiza ya ndani imepangwa kwa kasoro za spika zilezile. Ukiweka nzuri zaidi, inaendelea kusahihisha kasoro ambazo hazipo.

Mwimbaji amekaa kwenye mlango wangu

*Fundi, kila kitu kinasikika kutoka mlango wa upande wangu. Mume wangu akiendesha, mimi nikiwa abiria, hali ni ileile upande wa pili. Tunabishana kama spika moja imekufa. — Sisi Wawili*

Dada, hakuna iliyokufa. Kila mmoja wenu amekaa karibu na spika moja. Tuseme ya karibu iko mita 1 kutoka kwenye sikio lako na ya mbali mita 1 na nusu. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ya mbali inachelewa kama milisekunde 1.5, na ubongo humweka mwimbaji pale sauti ilipotangulia kutokea. Redio nyingi za kisasa zina mpangilio wa kuchelewesha spika. Pima kwa futi kutoka kwenye kichwa cha kiti hadi kila spika, ingiza vipimo, na mwimbaji atahamia katikati ya dashibodi. Kwa bahati mbaya atahamia kwa mmoja wenu tu. Kama mko wawili mara nyingi, acha ucheleweshaji, geuza twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zielekee katikati ya gari badala ya kukutazama usoni, na mkubaliane. Kama twita zenu zimo ndani ya kava na hazigeuki, basi mpangilio uwe wa anayeendesha siku hiyo. Redio nyingi zinahifadhi zaidi ya mmoja.

Fyuzi ya nini tena?

*Mama, nimenunua sabwufa ndogo ya chini ya kiti yenye ampi ndani. Aliyenifungia amepitisha waya mwekundu moja kwa moja kutoka kwenye betri. Nilipouliza fyuzi akasema ipo kwenye sabwufa yenyewe, inatosha. Inatosha? — Mwenye Wasiwasi*

Haitoshi, na wasiwasi wako ni wa haki.

Fyuzi iliyo kwenye sabwufa inalinda sabwufa. Waya, mita zake zote kutoka kwenye boneti hadi chini ya kiti, haulindwi na kitu. Ukikwaruzika pale unapopita kwenye tundu la bati kati ya injini na ndani ya gari, chanya itagusa bodi, betri itamwaga mamia ya ampia, na waya utawaka pamoja na kapeti iliyo juu yake. Fyuzi inayohusika inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 45, ili kipande kisicholindwa kiwe kifupi kabisa. Ukubwa wake ufuate kitabu cha sabwufa, na kamwe usizidi kile waya unachoweza kubeba. Ikiwa waya ni wa alumini iliyopakwa shaba, na wa bei rahisi mara nyingi ndio huo, unabeba kidogo kuliko shaba tupu ya unene uleule. Nenda saizi moja juu.

Mwambie pia aweke mpira kwenye tundu la bati, na waya wa hasi uwe mfupi, umekazwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi king'ae. Asitumie bolti ya mkanda wa usalama.

Mpaka fyuzi ipatikane, ng'oa ncha ya waya huo kwenye betri na uizungushie utepe wa umeme. Gari lisilale na waya huo usiku wa leo. Redio itaendelea kupiga bila sabwufa.